Barua ya kufunga mwaka: asante iwe na jina la kazi, na taarifa iwe na tarehe

MASWALI NA MAJIBU

Novemba ikiingia, maafisa elimu wa halmashauri, maafisa elimu kata na wakuu wa shule hutuandikia kuhusu barua moja: ile ya kuwaeleza watumishi mwaka ulivyokwenda, kuwashukuru na kuwaaga kwa likizo ya Desemba. Yafuatayo ni baadhi ya maswali yaliyotufikia. Majina ya waulizaji na vituo vyao tumeyaacha.

Nimeteuliwa mwaka huu kuwa Afisa Elimu Msingi. Sijawahi kuwaandikia walimu wa halmashauri nzima. Barua ianze na nini, iwe na urefu gani, na itoke lini?
*Afisa Elimu, Kanda ya Ziwa*

Hongera kwa uteuzi. Tuanze na tarehe, kwa sababu barua nyingi nzuri huharibikia hapo. Barua ya kwenda shuleni haitoki mezani kwako siku unayoimaliza. Unaandika dokezo, rasimu inapanda kwa Mkurugenzi Mtendaji, inarudi na marekebisho, inapewa kumbukumbu namba masjala, inasainiwa kwa "Kny." (kwa niaba ya) Mkurugenzi Mtendaji, ndipo inashuka kwa maafisa elimu kata na kutoka kwao kwenda kwa walimu wakuu. Hesabu kurudi nyuma: ifike shuleni kabla ya kikao cha kufunga shule, tenga siku tatu za kazi kutoka kata hadi shule ya mbali kabisa, na siku tano kutoka rasimu hadi saini. Ongeza siku mbili za dharura, kwa sababu mwishoni mwa mwaka Mkurugenzi husafiri sana. Ukiwa na rasimu mkononi wiki tatu kabla ya shule kufungwa, uko salama. Ikiwa Desemba 9 inaangukia katikati ya hesabu yako, kumbuka kwamba siku hiyo masjala haifunguliwi.

Barua ikifika siku ya kufunga, haijafika. Mwalimu wa Ukerewe anayekwenda kwao Songea amekata tiketi siku nyingi, na asubuhi hiyo anawaza basi tu.

Kosa la pili liko kwenye anwani. Barua huandikwa "Walimu Wakuu Wote, K.K. (kupitia kwa) Maafisa Elimu Kata", ikafika, ikasomwa na mwalimu mkuu peke yake na kuingizwa kwenye jalada. Mwalimu wa darasa la kwanza uliyekusudia kumshukuru hajui kama iliwahi kuandikwa. Chini ya anwani ongeza mstari mmoja wa herufi nzito: "Isomwe kwa watumishi wote katika kikao cha kufunga shule, kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo." Mwombe kila afisa elimu kata akutumie ujumbe mfupi kuthibitisha kwamba imesomwa.

Urefu usizidi kurasa mbili za A4, herufi ukubwa wa 12. Ukurasa wa kwanza ni wa shukrani na taarifa ya mwaka. Wa pili ni wa hali ya madai ya watumishi, tarehe muhimu, na nani atakuwepo ofisini wakati wa likizo kwa dharura, pamoja na namba ya simu ya ofisi. Majukumu ya Januari yawe kwenye kiambatisho chenye kichwa chake. Tutaeleza sababu hapo chini.

Kichwa kiwe wazi: "YAH: SHUKRANI NA TAARIFA YA KUFUNGA MWAKA WA MASOMO." Baada ya hapo, acha desturi ya "Husika na somo tajwa hapo juu" inayofuatwa moja kwa moja na "Unaagizwa". Sentensi ya kwanza iseme asante, na iseme ni kwa lipi.

Kila mwaka tunapokea barua ile ile: "Nawashukuru kwa ushirikiano wenu na uchapakazi." Walimu hawaisikilizi tena. Mimi ni afisa elimu kata na mwaka huu nimeombwa kuandaa rasimu. Nifanyeje?
*Afisa Elimu Kata, Mtwara*

Sentensi hiyo inachosha kwa sababu ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika kwenye shule hizo. Shukrani inayogusa ina vitu vitatu: nani, alifanya nini, na kazi hiyo ilimsaidia nani. Linganisha:

"Nawashukuru walimu wote kwa kujitoa kwenu."

"Nawashukuru walimu wa darasa la kwanza na la pili mliobaki mchana na watoto ambao hadi Aprili walikuwa hawajui kusoma silabi. Kwenye upimaji wa Oktoba, wengi wao walisoma aya nzima."

Ya pili inahitaji kazi ya maandalizi. Wiki moja kabla ya kuandika, mpigie kila mwalimu mkuu wa kata yako na umuulize maswali mawili tu: kazi gani ilifanyika hapo mwaka huu ambayo isingefanyika bila mtu kujitolea, na ni kada ipi ya watumishi ambayo haijawahi kutajwa? Andika majibu kwenye daftari. Kwa kata yenye shule nane au tisa, hiyo ni kazi ya asubuhi mbili. Angalia pia vitabu vya wageni na ripoti za wathibiti ubora wa shule. Mara nyingi sifa nzuri zimo humo na hakuna aliyezisoma baada ya mthibiti kuondoka.

Kuna watu husahaulika karibu kila halmashauri, nasi tungependa wasisahaulike: walimu wa madarasa ya awali, walimu wa vitengo vya elimu maalumu, walimu wa shule shikizi (vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama), walimu wa kujitolea wasio na mshahara wa serikali, wapishi wa chakula cha shule, walinzi, madereva waliosafirisha mitihani usiku, makatibu muhtasi na watu wa masjala. Mlinzi asiyejua kama barua inamhusu ataendelea kudhani haimhusu, kwa hiyo mtaje kwa kazi yake: "walinzi mliolala nje wakati wa mitihani ya Septemba." Kamati za shule na wazazi waliochanga mahindi na kuni nao wapate sentensi yao.

Kumtaja mtu kwa jina ni sawa ikiwa kazi yake ilikuwa ya wazi na yeye mwenyewe ameridhia. Ukitaja walimu watano kati ya mia sita, eleza kigezo, la sivyo waliobaki watasoma upendeleo. Kwa maoni yetu, kwenye barua ya halmashauri nzima ni bora kutaja kazi na shule. Majina yaachwe kwa mwalimu mkuu, ambaye anawajua watu wake na atawataja mbele ya wenzao.

Ufaulu wetu wa darasa la saba umeshuka kwa asilimia tatu. Mkubwa wangu anataka barua ya kufunga mwaka iambatishwe na orodha ya shule kumi za mwisho. Mimi naona si mahali pake. Nisemeje, na nitoeje taarifa ya matokeo bila kuficha?
*Afisa Taaluma, Nyanda za Juu Kusini*

Tunakubaliana na wewe. Orodha hiyo ina kikao chake, pamoja na walimu wakuu wa shule zinazohusika, takwimu mezani na muda wa kuuliza kwa nini. Ukiiambatisha kwenye barua ya shukrani, walimu wa shule kumi hawatasoma kitu kingine chochote. Wengine watapiga picha ukurasa huo na kuusambaza kwa wazazi. Mwambie mkubwa wako kwamba taarifa haifichwi: takwimu za halmashauri zinawekwa kwenye barua, na shule kumi zinaitwa kikaoni wiki ya kwanza ya muhula kwa ajili ya mpango wa msaada. Mara nyingi kiongozi anachohofia ni kuonekana amenyamaza. Mpe njia ya kutonyamaza.

Sasa namna ya kutoa taarifa, maana asilimia peke yake hudanganya kwa njia tatu.

Ya kwanza ni ukubwa wa shule. Chukua mfano wa shule yenye watahiniwa 20: waliofaulu wakipanda kutoka 12 hadi 15, ufaulu umetoka asilimia 60 hadi 75. Jirani yake ina watahiniwa 160: waliofaulu wamepanda kutoka 96 hadi 104, yaani kutoka asilimia 60 hadi 65. Kwenye orodha ya kupanda, ya kwanza inaongoza kwa mbali. Kwa idadi ya watoto, ya kwanza imeongeza watatu na ya pili wanane. Weka vyote viwili, asilimia na idadi.

Ya pili ni mstari wa kufaulu. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Daraja A ni 241 hadi 300, B ni 181 hadi 240, C ni 121 hadi 180, D ni 61 hadi 120, na E ni 60 kushuka chini. Kufaulu ni A hadi C. Mtoto aliyekuwa anapata 50 kwenye majaribio ya Machi akaishia na 115 Septemba amefanyiwa kazi kubwa na mwalimu wake, lakini kwenye asilimia ya ufaulu haonekani kabisa. Kwa hiyo toa mgawanyo wa madaraja yote, wa mwaka huu na wa mwaka jana. Inawezekana ufaulu umeshuka kwa asilimia tatu huku idadi ya E ikipungua kwa nusu, na hilo walimu wa mazingira magumu wanastahili kulisikia kutoka kwako.

Ya tatu, na ndiyo inayotuuma zaidi, ni watoto ambao hawakufanya mtihani. Shule iliyosajili 200, wakafanya 170, wakafaulu 136, ina ufaulu wa asilimia 80. Ukigawanya kwa waliosajiliwa, ni asilimia 68. Andika namba tatu kwa mpangilio huo: waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu, na uzitenganishe kwa wasichana na wavulana. Pengo kati ya namba ya kwanza na ya pili linaonyesha mimba, utoro, uchungaji wa mifugo na kazi za mashambani, na halimalizwi na mwalimu wa Hisabati peke yake. Ukiliweka wazi, umemtua mwalimu mzigo usio wake.

Usitaje matokeo ya upimaji wa darasa la nne, kidato cha pili wala mtihani wa kidato cha nne kama hayajatangazwa. Kwa kawaida Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huyatoa Januari. Sema tu kwamba yanasubiriwa, na uwashukuru wasimamizi.

Kuhusu kushuka kwenyewe, sentensi nne zinatosha. Mfano: "Ufaulu wa darasa la saba umetoka asilimia 81 hadi 78. Tumeshuka zaidi katika Hisabati na English Language. Shule nane kati ya kumi zilizoshuka sana zilikosa mwalimu wa Hisabati kwa zaidi ya muhula mmoja. Tumeziweka mbele kwenye mgawo wa kwanza wa walimu tutakaopata." Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako, na sababu uiandike tu kama umeihakiki. Kama hujui sababu, andika lini mtakaa kuitafuta.

Walimu wetu wanadai nauli za likizo, uhamisho na malimbikizo ya mishahara. Kila nikiandika "asante" najua watauliza "hela zetu je?" Ni afadhali nisiguse suala hilo?
*Afisa Elimu Sekondari, Kanda ya Kati*

Liguse, na uliguse kwenye barua hiyo hiyo. Mwalimu anayedai halafu akasoma kurasa mbili za pongezi bila neno kuhusu deni lake huona kwamba hukumfikiria. Unaweza usiwe na fedha, lakini taarifa unayo.

Sentensi ya kufuta kabisa ni "madai yenu yanashughulikiwa na yatalipwa hivi karibuni." Badala yake weka jedwali dogo la safu nne: aina ya dai, idadi ya waliowasilisha, kiasi kilichohakikiwa, na lilipofikia. Tenganisha aina, kwa sababu njia zake hazifanani. Malimbikizo ya mshahara hayalipwi kutoka kwenye makusanyo ya halmashauri. Yanapita kwenye mfumo wa mishahara wa Serikali Kuu baada ya uhakiki. Nauli ya likizo na uhamisho hutegemea bajeti ya matumizi mengineyo ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, na fedha hiyo huja kidogo kidogo. Mwalimu akilijua hilo, atajua pia swali lake alipeleke wapi.

Kumbusha kanuni, kwa upole, maana madai mengi hurudishwa kwa kutojua. Nauli ya likizo hulipwa mara moja kila baada ya miaka miwili, kwa mtumishi, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Uhamisho wa kuomba mwenyewe hauna malipo. Dai la uhamisho wa kikazi lisiloambatishwa barua ya uhamisho, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto litarudi. Taja viambatisho hivyo ndani ya barua. Likizo ni wakati mwafaka wa kuvitafuta nyumbani.

Kisha weka tarehe ya taarifa inayofuata. Usiahidi tarehe ya malipo. "Ijumaa ya pili ya Februari nitawaeleza tena lilipofikia, hata kama hakuna jipya" ni ahadi unayoweza kuitimiza bila kibali cha mtu yeyote. Ukiitimiza mara mbili, barua yako ya Desemba ijayo itasomwa kwa imani.

Tahadhari moja. Orodha ya majina, cheki namba (namba ya mtumishi kwenye mfumo wa mishahara) na kiasi anachodai kila mtu isiambatishwe, wala isitupwe kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na halmashauri haikuachwa nje. Kila mtu aangalie dai lake kwa mhasibu au afisa utumishi.

Barua ya mwaka jana ilikuwa na aya moja ya asante na maagizo kumi na manne. Walimu wakuu wenzangu walinung'unika. Lakini kazi za Januari nazo hazingoji. Zipangwe vipi?
*Mwalimu Mkuu, Pwani*

Ndiyo sababu tumesema kiambatisho. Asante ikibebeshwa maagizo, msomaji huiona kama dibaji ya kutumwa. Karatasi tofauti, yenye kichwa "Maandalizi ya Januari", huweka mambo sawa: barua inasomwa na wote, kiambatisho kinafanyiwa kazi na wahusika.

Maagizo yasizidi sita, na kila moja liwe na mhusika, tarehe na namna ya kuthibitisha. "Walimu wakuu wahakikishe uandikishaji unakamilika" halina hata kimoja. "Mwalimu wa awali na wa darasa la kwanza wampe mwalimu mkuu idadi ya walioandikishwa, wasichana na wavulana, pamoja na wenye mahitaji maalumu, kabla ya siku ya kufunga; mwalimu mkuu aiwasilishe kwa afisa elimu kata siku hiyo hiyo" linatekelezeka.

Yanayostahili kuwemo kwa kawaida ni uandikishaji, mgawanyo wa vipindi kwa mtaala ulioboreshwa, ulinzi wa mali, ghala la chakula, na taarifa za mfumo. Hapo kwenye mtaala pana neno la kuwaambia walimu mapema. Mtaala huo ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanamaliza darasa la sita 2027, ambalo ndilo la mwisho la elumu ya msingi kwenye mtaala huo, na waliokuwa darasa la nne wanamaliza darasa la saba mwaka huo huo 2027. Makundi mawili yanamaliza pamoja, na yote mawili yanatazamia kidato cha kwanza Januari 2028. Mwalimu atakayepangiwa madarasa hayo aambiwe kabla ya likizo, si asubuhi ya kufungua, ili ajue andalio lake linatoka kwenye muhtasari upi.

Ghala linahitaji maneno machache ya vitendo: magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, yapulizwe au yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa kabla ya kufunga, na idadi iandikwe kwenye leja na kusainiwa na watu wawili. Mahindi yaliyoachwa wiki tano bila kinga hukutwa unga na dumuzi, na Januari watoto hawali.

Likizo ya mtumishi ni siku 28 kwa mwaka, na kwa mwalimu huangukia shule zinapofungwa. Barua iseme wazi kwamba maombi ya likizo yaidhinishwe kwenye mfumo kabla ya siku ya kufunga, kwa sababu mwalimu akishafika kijijini kwao kusiko na mtandao, hawezi tena kurekebisha ombi lililorudishwa. Zamu ya likizo ipangwe kwa maandishi, wiki kwa wiki, na funguo zikabidhiwe kwa saini. Kama kuna watumishi watakaoitwa kazini ndani ya likizo, wataje kwa kada na tarehe kwenye barua hii. Kumpigia mwalimu simu Desemba 27 arudi kituoni kesho yake kunafuta kila asante uliyoandika.

Shule zangu tatu hazina mtandao wa uhakika. Kundi la WhatsApp linatosha?
*Afisa Elimu Kata, Rukwa*

Halitoshi. Tumia njia tatu kwa pamoja. Nakala ya karatasi iende na mtu, hata bodaboda, na isainiwe kwenye kitabu cha kupokelea barua. Faili la PDF liende kwenye kundi. Lisizidi megabaiti moja, na litokane na kompyuta, si picha ya karatasi iliyokunjwa, ambayo kwenye skrini ndogo haisomeki. Tatu, ujumbe mfupi wa simu kwa wenye simu za kitochi, usiozidi herufi 160 ili usikatwe vipande. Mfano huu uko ndani ya kikomo hicho:

"Walimu, shule zinafungwa Ijumaa. Barua ya Idara ipo kwa Mwalimu Mkuu: shukrani, hali ya madai, tarehe za Januari. Isomwe kikaoni. Asanteni. Afisa Elimu"

Kila ukurasa uwe na kumbukumbu namba na "ukurasa 1 kati ya 2". Msimu wa likizo huzuka barua bandia za uhamisho na za kufungua shule mapema. Barua isiyo na kumbukumbu ni rahisi kuigizwa. Kwa saa chache baada ya kutuma, kundi liruhusu viongozi tu kuandika, ili barua isizame chini ya salamu mia mbili.

Mwaka huu tumefiwa na walimu wawili, na mwingine anaumwa muda mrefu. Wengine wanastaafu. Watajwe vipi?
*Katibu muhtasi, idara ya elimu*

Marehemu watajwe kwa majina kamili, shule na somo walilofundisha, baada ya kuwasiliana na familia. Hakiki tahajia ya jina kwenye jalada lake, maana kukosea jina la marehemu kunaumiza kuliko kutolitaja. Aya yao ikae peke yake, isichanganywe na takwimu wala kufuatwa na pongezi kwenye mstari huo huo. Usiandike chanzo cha kifo.

Mgonjwa asitajwe ugonjwa wake kwa namna yoyote. Jina pia liachwe, isipokuwa yeye mwenyewe ameomba salamu zake zisomwe. "Tunawakumbuka wenzetu walio kwenye matibabu" inatosha, na afisa elimu ampigie simu binafsi.

Wastaafu watajwe na miaka yao ya utumishi. Wanaofikisha miaka 60 kati ya Januari na Juni wapewe pia maelekezo ya vitendo, kwani mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, huchelewa pale jalada linapokuwa na pengo. Barua ya ajira ya kwanza na barua ya kuthibitishwa kazini ndizo hukosekana mara nyingi. Wazitafute likizo hii.

Huku Kenya walimu ni wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC), ilhali mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo ni wa Wizara. Ni nani anayefaa kuandika barua ya shukrani?
*Msomaji, Kilifi*

Kwa walimu, mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo ndiye mwenye sauti ya mwajiri, kwani Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 kinaipa Tume kazi ya kuwaajiri na kuwapangia vituo. Mkurugenzi wa Wizara ana lake la kusema kuhusu mtaala na miundombinu. Wafanyakazi wasio walimu wengi wameajiriwa na bodi za shule, hivyo wasipotajwa na mwalimu mkuu hakuna mwingine atakayewataja. Barua moja yenye saini mbili huwaondolea walimu kusoma maagizo yanayopingana, na tunaipendelea.

Waliosimamia na kusahihisha mitihani washukuriwe, lakini msiahidi lini watalipwa. Malipo hayo ni ya Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC). Walimu wa sekondari msingi wapate aya yao. Wamepeleka watahiniwa wa kwanza wa KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi, mwaka 2025, wengi wao wakifundisha masomo ambayo hawakuyasomea, huku kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 likiendelea hadi KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya 2027.

Salamu za mwisho ziwe "Krismasi Njema" au niache dini kando? Walimu wangu ni Waislamu na Wakristo.
*Mkuu wa Shule, Tanga*

Andika "Nawatakia likizo njema, safari salama, na heri ya Krismasi kwa wanaosherehekea." Kama Ramadhani itaangukia karibu na kufungua shule, itaje na useme vipindi vya mchana vitapangwaje. Baada ya hapo weka tarehe ya kuripoti kwa walimu na tarehe ya wanafunzi kufika, kila moja kwenye mstari wake, kisha saini, jina na cheo. Muhuri usifunike tarehe.